Muulize Mwalimu: Roma ilianguka siku gani?

Juni hii baridi imetuwahi huku juu ya Uyole. Ninaandika nikiwa na vitenge viwili mabegani, jiko la mkaa miguuni, na paka kalalia barua za wasomaji. Toleo lililopita niligusia Ugiriki na Roma kwa aya moja tu, nikadhani nimepita salama. Barua zilizofuata zimenionyesha kuwa sikupita. Nimechagua nne, waliouliza habari za Wafoinike wanivumilie.

*

*Kamwene Mwalimu, na shikamoo. Nasoma kidato cha tano Njombe, HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Tumeambiwa tukariri kuwa Dola la Roma lilianguka mwaka 476 BK kwa sababu washenzi walivamia. Mwenzangu anabisha, anasema ni 1453. Nani yuko sahihi? Na siku hiyo watu walijisikiaje?*
— Mwanafunzi, Njombe

Marahaba mwanangu. Kwenye mtihani andika 476, uchukue alama zako, na usinitaje.

Sasa tuzungumze. Mwaka 476 kamanda wa askari wa kukodiwa, Odoacer, alimwondoa kitini kijana mdogo aliyekuwa akiitwa kaisari, Romulus Augustulus. Hata kumuua hakumuua. Alimpa posho, akamwambia nenda kaishi Campania. Mavazi na alama za ukaisari zikapelekwa Konstantinopoli, kwa kuwa huko kulikuwa na kaisari mwingine na Odoacer aliona mmoja anatosha. Seneti ikaendelea kukutana. Makonsuli waliendelea kuteuliwa mpaka 541. Mama muuza mboga wa Roma aliamka kesho yake akapanga mafungu yake kama jana. Mwenzako naye hajakosea: watu wa mashariki, waliojiita Warumi huku wakizungumza Kigiriki, walidumu hadi tarehe 29 Mei 1453, Sultani Mehmed wa Pili alipoingia Konstantinopoli. Mnabishania karibu miaka elfu moja, nyinyi mnaokaa dawati moja.

Nikueleze kwa kitu nilichokiona kwa macho yangu. Nilipohamishiwa kijiji hiki mwaka 1981, mwalimu kijana, tulikuwa na maji ya mserereko. Chanzo kilikuwa juu msituni. Bomba linashuka mpaka tanki la kwanza, la pili, kisha vituo tisa vya kuchotea. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutembea na bomba lile kila Jumatatu, panga mkononi: anafyeka, anatoa matope kwenye chujio, anakaza palipolegea. Alipochoka hakuwekwa mwingine. Tuliambiwa kamati itaangalia. Kamati ilikuwa na mfuko, mfuko ukawa na mwenyewe, mwenyewe akawa na nyumba mpya ya bati la rangi. Wenye viazi kule juu nao wakaanza kutoboa bomba usiku ili wamwagilie. Kituo cha tisa kikakauka. Wa huko ni watu wa pembeni, kelele zao hazikufika. Kikafuata cha nane, kikafuata cha saba. Mimi nilikuwa nachota cha pili, nikawa nasema maji yapo, watu wanapenda kulalamika tu. Leo ukiniuliza mradi ule ulikufa mwaka gani, sijui. Ninachokumbuka ni mwaka nilioanza kwenda mtoni na ndoo: 1997.

Ndiyo maana nikisoma habari za Roma huwa siendi haraka kwa Wagothi, wale wavamizi mnaokaririshwa. Naanza na bwana mmoja anaitwa Frontinus, aliyekabidhiwa maji ya mji wa Roma mwaka 97 BK. Alikuwa mtu mkubwa, amewahi kuwa konsuli na gavana wa Britania, lakini alipopewa mabomba hakuona ameshushwa cheo. Alikagua, akapima, akaandika kitabu kidogo ambacho bado tunacho. Anasema chini yake kulikuwa na watu 700, watumwa wote: 240 wa umma na 460 wa kaisari. Wapo wa kulinda matanki, wa kupiga lipu, wa kurudishia mawe ya barabara baada ya kufukua. Na wezi wapo! Wakulima wa njiani wanatoboa mfereji wamwagilie bustani. Mjini mafundi maji wenyewe wanapitisha vibomba vya siri chini ya barabara na kuwauzia wenye maduka. Alivifukua vyote, akasema madini ya risasi ya vibomba hivyo peke yake yanatosha kukuonyesha ukubwa wa wizi. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni.

Hapo pia anajisifu kidogo. Anauliza: nani atalinganisha mifereji hii yenye kazi na piramidi zisizofanya lolote, au na majengo ya Wagiriki yenye sifa tupu? Mwenyewe nisingewatupa Wagiriki hivyo, ila namwelewa. Kwake yeye maendeleo ni kitu kinachokaguliwa.

Nenda sasa Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Warumi walivuta maji kwa mfereji wa kilomita kama 50, na kati ya chanzo na mji kimo kinashuka mita 12 hivi tu. Piga hesabu wewe mtu wa jiografia. Maji yale yalikuwa na chokaa, kama ya Dodoma yanavyoacha magamba meupe kwenye birika. Kwa miaka mingi mafundi walikwangua. Baadaye wakakwangua mara mojamoja. Kisha wakaacha, na chokaa ikaganda ukutani karibu nusu mita. Ukipasua gamba lile leo unasoma tabaka kwa tabaka, kama miti, jinsi maji yalivyopungua. Hapo hakuna mshenzi aliyepita na shoka.

Sasa kwa nini watu waliacha kukwangua? Mkwanguaji hulipwa, na hazina ilikuwa inavuja. Sarafu ya fedha, dinari, ilikuwa karibu fedha tupu wakati wa Augusto, kaisari wa kwanza. Nero akaanza kuipunguza mwaka 64. Kufikia miaka ya 260, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo vilibadilisha makaisari kama mashati, sarafu ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kidogo juu. Bei zikapanda. Mwaka 301 kaisari Diocletian akatoa tangazo la bei elekezi, vitu zaidi ya elfu moja kuanzia ngano mpaka viatu, na adhabu ya kifo kwa atakayezidisha. Bidhaa zikajificha. Wenye umri wangu hawahitaji maelezo hapo. Mwaka 1983 nilipanga foleni kutwa nzima nikapata kipande cha sabuni ya mche, na nikashukuru.

Pigo lenyewe, kama unataka niseme moja, lilitoka upande wetu wa dunia. Jimbo waliloliita Afrika, yaani Tunisia ya leo na jirani zake, lilikuwa ghala la nafaka, mafuta ya mizeituni na kodi. Wavandali, kabila jingine la wavamizi, walivuka bahari mwaka 429, na 439 wakautwaa mji wa Karthago. Baada ya hapo kaisari wa magharibi alikuwa na majeshi asiyoweza kuyalipa, na jeshi lisilolipwa hujitafutia. Odoacer ni mmoja wa waliojitafutia: askari wake walidai ardhi.

Umeuliza watu walijisikiaje. Inategemea walikuwa wanachota kituo cha ngapi. Britania ilikuwa cha tisa. Majeshi yaliondoka mwanzoni mwa karne ya 5, na ndani ya kizazi kimoja hivi hakuna sarafu mpya, hakuna nyumba za matofali, hata gurudumu la mfinyanzi likaachwa, watu wakarudi kufinyanga kwa mkono. Mtoto wa huko alikulia kwenye magofu ya mabafu asiyojua yalikuwa ya nini. Konstantinopoli ilikuwa kituo cha kwanza. Pale mwaka 537 walikuwa wanazindua kanisa kubwa la Hagia Sofia. Na mwaka huohuo, Roma yenyewe, Wagothi walioizingira walikata mifereji yote ya maji. Mashine za kusaga nafaka zilizotegemea maji hayo zikasimama, na Belisarius, jenerali wa Konstantinopoli aliyekuwa akiulinda mji, akazifunga kwenye mashua mtoni Tiber zizungushwe na mkondo. Werevu ulikuwepo, usidhani watu walikuwa wameingia ujinga. Lakini vile vilima maarufu vilikauka, watu wakashuka kuishi bondeni karibu na mto. Mji uliowahi kukaribia watu milioni moja ukabaki na makumi ya maelfu. Uwanja wa Foro, walikohutubia wakubwa, ukaja kuitwa uwanja wa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndio waliokuwa wanalishwa hapo.

Neno "washenzi" nalo uliangalie vizuri. Wengi wao walikuwa wameshatumikia jeshi la Roma miaka na miaka. Alaric, aliyeupora mji siku tatu mwaka 410, alikuwa akidai cheo na nafaka kwa ajili ya watu wake. Ahadi zilivunjwa kwanza, ndipo lango likafunguliwa.

*

*Mwalimu, mimi fundi ujenzi hapa Mwanjelwa. Kijana wangu kanionyesha kwenye simu jengo la Roma lina karibu miaka elfu mbili na zege limesimama. Mimi sakafu niliyomwaga Pasaka ina nyufa. Walikuwa na siri gani, na ilipoteaje?*
— Fundi, Mbeya

Fundi, pole na sakafu. Nenda kachunguze mchanga wako kwanza, na uliimwagilia siku ngapi.

Jengo hilo ni Pantheon, la wakati wa kaisari Hadrian. Kuba lake lina upana wa mita 43 na ushee, bila nondo hata moja. Hilo la nondo ni sehemu ya jibu: chuma chetu kikipata unyevu kinashika kutu, kinavimba, kinapasua zege kutoka ndani. Wao hawakuwa nacho. Walichanganya chokaa na majivu ya volkano, hasa yale ya Pozzuoli karibu na Naples, na mchanganyiko huo unashika hata chini ya maji ya bahari. Kwenye kuba walipanga kokoto kwa uzito: chini mawe mazito, kadiri wanavyopanda mawe mepesi, na karibu na kilele wakaweka mawe ya volkano yenye vitundu. Mkichimba misingi Tukuyu mnakutana nayo, yale ukitupa majini yanaelea. Watafiti wameonyesha pia, mwaka 2023, kwamba vile vibonge vyeupe vya chokaa vilivyoonekana kama uvivu wa kuchanganya vina kazi: ufa ukiingia maji, chokaa ile inayeyuka na kuuziba.

Ilipoteaje? Hapa watu hufikiri kuna karatasi iliyoungua. Hapana. Kitabu cha Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, kinachotaja majivu hayo na wapi pa kuyachimba, kiliendelea kunakiliwa na watawa karne zote hizo. Kilichopotea ni oda. Zege la namna ile linataka meli ya kubeba majivu, tanuru la chokaa linalowaka mwezi hadi mwezi, msitu wa mbao za kushikilia kuba, na mtu wa kulipia vyote hivyo. Mteja alipotoweka, fundi mkuu hakuchukua kijana wa kumfundisha. Kizazi cha kwanza kinakumbuka alikuwa anafanyaje. Cha pili kinakumbuka kwamba alikuwepo. Cha tatu kinachukua marmar za hekalu na kuzichoma wapate chokaa. Ilipita karibu miaka 1,300 kabla ya kuba la Florence, lililokamilika 1436, kulizidi lile kwa upana, nalo ni la matofali.

Wewe je, huyo kijana wako mwenye simu unampeleka saiti?

*

*Habari Mwalimu. Niko Chunya, nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Nimesikia Athene ilikuwa mji mdogo, ikapanda juu kabisa, ikashuka, yote ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kweli? Walikosea wapi?*
— Mnunuzi, Chunya

Kweli kabisa, na mtu mwenyewe yupo. Sophocles, mtunzi wa tamthilia, inasemekana akiwa kijana aliongoza kwaya ya kusherehekea ushindi wa baharini dhidi ya Waajemi, kule Salamis, mwaka 480 KK. Alikufa 406 KK, miaka miwili tu kabla mji wake haujasalimu amri kwa Sparta, mji hasimu wake. Uzee wake wote alikuwa akishinda mashindano ya tamthilia huku mji unaungua.

Wewe jibu lako litakupendeza kwa sababu linaanzia machimboni. Mwaka 483 KK hivi Waathene walikutana na mwamba mnene wa fedha huko Laurion. Pendekezo la kwanza lilikuwa wagawane, sarafu kumi za fedha, drakma, kila raia, watu waende zao. Themistocles akasimama akasema tujenge manowari. Wakajenga, na manowari hizo ndizo zilizowazamisha Waajemi Salamis. Babu yangu mzaa mama alikwenda Lupa miaka ya 1930, dhahabu ilipokuwa inaita watu kutoka kila upande. Alirudi na kofia nzuri na kikohozi. Nikilinganisha, Themistocles alikuwa na akili za ajabu.

Kosa lilikuja polepole kama kawaida. Miji mingine ilichanga fedha za ulinzi wa pamoja na kuziweka kisiwa cha Delos. Mwaka 454 KK sanduku likahamishiwa Athene, kwa usalama, wakasema. Miaka saba baadaye wakaanza kujenga Parthenon, hekalu lao kubwa, na watu wakajua usalama ulikuwa wa nani. Aliyetaka kujitoa kwenye umoja alirudishwa kwa nguvu. Melos, kisiwa kidogo kilichotaka kukaa pembeni, mwaka 416 KK wanaume wake waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa. Mwaka uliofuata wakapeleka manowari Sisilia, vita ya kiburi tu, na 413 KK jeshi lote likaangamia, na mateka wakaishia kwenye machimbo ya mawe ya Sirakusa, wanakunywa maji kwa kipimo.

Mmoja wa majenerali waliouawa huko aliitwa Nicias. Tajiri mkubwa. Utajiri wake: alikuwa na watumwa elfu moja aliowakodisha kwenye mashimo ya Laurion, kila kichwa oboli moja, sehemu ya sita ya drakma, kwa siku. Zile manowari na zile nguzo nyeupe zilisimama juu ya watu waliotambaa gizani na taa ya mafuta. Mwaka huohuo wa 413, Wasparta walipopiga kambi Decelea, karibu na Athene, watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka, wengi wao mafundi. Thucydides, mwandishi wa historia ya vita hiyo na Mwathene mwenyewe, anaiandika kama hasara, na kwenye daftari la mji ilikuwa hasara. Mimi huwa nasimama hapo nikiwaza hao elfu ishirini siku ile wangejaza neno gani kwenye swali la "kupanda au kushuka".

Tena Athene haikufa. Mwanafalsafa Plato alifungua shule yake baada ya kushindwa kule, na miaka mia tatu baadaye vijana wa matajiri wa Roma, Cicero akiwemo, walikuwa wakienda huko kusoma. Mji ulipoteza manowari ukabaki na walimu. Mwalimu mstaafu kama mimi siwezi kuliita hilo anguko, nisamehe.

*

*Binti yangu Mwalimu. Nina miaka 84, naishi Kihesa. Dunia inarudi nyuma. Vijana hawasalimii, viongozi wanakula, hata mahindi hayana ladha. Hao Wagiriki na Warumi wenye akili walisemaje, dunia inapanda au inashuka?*
— Mzee, Iringa

Shikamoo mzee wangu, na kamwene.

Una mwenzako wa siku nyingi. Hesiod, mshairi na mkulima wa Kigiriki wa kijiji cha Ascra, kama mwaka 700 KK, alikuwa na kesi ya shamba na ndugu yake Perses. Anasema mahakimu walikula rushwa. Kijiji chenyewe anakitukana: kibaya wakati wa baridi, kigumu wakati wa joto, hakifai wakati wowote. Ndiye aliyepanga vizazi vya wanadamu kuanzia cha dhahabu, fedha, shaba, kikapita cha mashujaa, mpaka cha chuma ambacho ni chake yeye, na huko mbele anaona watoto wasioheshimu wazazi na vichanga vinavyozaliwa na mvi. Lakini nisikilize hapa. Anasema laiti ningekufa kabla ya kizazi hiki, *au ningezaliwa baadaye*. Baadaye! Mzee wa watu katikati ya hasira zake kaacha mlango wazi, na nadhani hata yeye hakujua.

Xenophanes, mshairi mwingine wa Kigiriki, kama miaka mia moja na nusu baada yake, alisema miungu haikuwaonyesha wanadamu kila kitu tangu mwanzo, ila kwa kutafuta wanavumbua kilicho bora. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, uzeeni, akiwa anaandika kuhusu nyota zenye mkia, alisema utakuja wakati wajukuu wetu watashangaa kuwa hatukujua mambo yaliyo wazi hivyo. Muda mfupi baadaye mwanafunzi wake wa zamani, Nero, alimwamuru ajiue. Naye Horace, mshairi wa Roma wa wakati wa Augusto, aliimba kwamba wazazi wetu walikuwa wabaya kuliko babu zetu, sisi wabaya kuliko wao, na tutazaa wabaya zaidi. Hapohapo mtaani Agrippa, mkono wa kulia wa Augusto, anaupa mji mifereji mipya. Mmoja wake, wa mwaka 19 KK, uliotengenezwa tena baadaye kila ulipoharibika, unaleta maji kwenye chemchemi ya Trevi hadi leo. Kwa hiyo malalamiko ya wazee, nawaheshimu sana, hayanionyeshi maji yamefika wapi. Nami ninalalamika, siku hizi kuliko zamani.

La vijana kutosalimia nimelipeleka kwa dada wa ukurasa wa familia. La viongozi kula, Hesiod angekuelewa kuliko mimi. Ila la mahindi nakuunga mkono bila hoja, hizi mbegu za dukani ugali wake unateleza tu kooni. Kama bado una ile mbegu yako ya zamani juu ya moshi, nitumie kisado kimoja kwa basi linalokuja Mbeya. Novemba napanda.